Chenso Tatu za Shamba la Bibi Anjelina

Kinjumbi,
21 Januari 2024

Mjomba wangu Valerian,

Shikamoo. Mkaza mjomba Dativa naye ana shikamoo yake humu, umpe mkononi kabisa, usije ukaisahau kama ulivyosahau ile ya Krismasi. Huku Kinjumbi tumeamka. Mama anakusalimu, goti lake limetulia tangu aache kubishana nalo na kukubali fimbo. Mdogo wangu Dismas yuko Kilwa Masoko na bodaboda yake, tunamwona akishikwa na njaa. Simu nimekupigia mpaka nimechoka, inaita tu haipokelewi. Kwa hiyo naandika kama watu wa zamani, na barua nampa Hussen, kondakta wa basi, anayesema karakana yako ya hapo Rasbura anaijua hata akifumba macho, kwa harufu ya petroli.

Sasa jambo lenyewe. Shamba la Bibi Anjelina linakufa, mjomba. Mikorosho imefungamana matawi mpaka ukiingia saa sita mchana unadhani magharibi imeingia. Matawi makavu ni mengi kuliko mabichi, na msimu huu tumeokota korosho za kutia aibu. Unamkumbuka yule fundi aliyeletwa na Mjomba Alfani mwaka juzi? Alikuja na chenso moja kubwa, ule msumeno wa injini wa kupasulia mbao, akakata kila kitu kwa hiyo hiyo. Matawi yakaanguka na gamba lake mpaka chini kwenye shina, na pale palipochanika ndipo palipooza. Leo Mjomba Alfani huyo huyo anasema miti imezeeka. Amempata mtu wa mkaa anayetaka miti yote pamoja na ardhi yake, na jambo hilo atalileta kwenye kikao cha ukoo mwezi wa nane, tukikusanyika kwa kumbukumbu ya Bibi.

Mjomba, tangu niachane na mume nikarudi kwa mama, hilo shamba ndilo ninaloamkia. Sina lingine. Nawe unajua desturi yetu kuliko mimi: shamba la mama yenu haliuzwi wala halipewi mtu mpaka wewe, mkubwa wa wajomba, useme neno. Sikuombi useme sasa. Naomba msimu mmoja. Nilisafishe, kisha uje ulione kwa macho yako ndipo useme. Likinishinda nitanyamaza.

Fungu la kununulia chenso nimeshaliweka. Niambie ninunue ipi. Watu hapa wanasema nichukue moja kubwa, imalize kazi zote.

Mpwa wako,
Justa


Rasbura, Lindi,
9 Februari 2024

Mpwa wangu Justa,

Marahaba. Shikamoo ya mkaza mjomba wako imefika ikiwa bado ya moto. Hajambo, anapika na kunisema, vyote kwa pamoja. Mwambie dada yangu Helena kwamba fimbo inampendeza kuliko ule ubishi. Simu yako niliiona, nilikuwa kazini. Hata hivyo chenso haielezwi kwenye simu.

Hao wanaokushauri ununue moja kubwa ni watu gani? Waulize wamewahi kushika mashine hiyo tangu asubuhi mpaka adhuhuri, au wanaitazama kwa mbali wakiwa na kahawa? Mkaza mjomba wako ana sufuria tatu jikoni, na sijaona mtu akimwambia azitupe mbili abaki na ile ya pilau. Chenso inachaguliwa kwa kazi. Ukubwa unakuja wenyewe baada ya kuijua kazi.

Kazi yako wewe, kwa ulivyoeleza, ni tatu. Ya kwanza ni kupogoa, kuingia ndani ya mkorosho na kutoa matawi makavu na yale yanayopandiana. Hapo unataka chenso ndogo nyepesi, ile baa yake, yaani ulimi wa chuma unaobeba mnyororo, isizidi inchi kumi na mbili. Ndogo inageuka kati ya matawi bila kuumiza yale unayotaka yabaki. Kazi ya pili ni kuangusha miti iliyokufa na kuikata vipande. Hapo ni chenso ya kati, inchi kumi na sita au kumi na nane. Hiyo ndiyo mama wa nyumba. Ukiwa na moja tu, uwe na hiyo. Ya tatu ni kupasua mbao, na hapo ndipo kubwa inapopata heshima yake. Hata ukiwa nayo hiyo kubwa, usithubutu kuiingiza kwenye matawi ya mkorosho. Fundi wa Alfani alitumia shoka kunyoa ndevu.

Nyingine zinazouzwa siku hizi zina rangi nzuri na jina la uongo. Usinunue chochote huko. Fungu lako nitumie kwa Hussen, mashine nitazitafuta mimi mwenyewe, nizifungue na kuzifunga tena kabla hazijapanda basi. Nawe nenda ofisi ya kijiji, kisha kwa watu wa misitu, upate kibali kabla hujawasha chochote. Usinitie aibu uzeeni.

Jambo moja hukuliandika. Nani atashika? Lazima nijue kimo chake, mabega yake, mgongo wake. Chenso inapimwa kwa mtu kama koti.

Mjomba wako,
Valerian


Kinjumbi,
25 Februari 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo tena. Barua yako nimemsomea mama, na hapo kwenye shoka na ndevu alicheka mpaka akaangusha fimbo. Mvua inanyesha vizuri, mihogo imesimama. Kuku wa mama wote wamepona ule ugonjwa isipokuwa jogoo, na huyo hata sisi hatukumlilia sana, alikuwa na kiburi.

Kibali nimepata. Mzee wa ofisini aliniuliza maswali mengi, nikamjibu kwa maneno yako yote ya inchi, akagonga muhuri.

Nimetembea shamba zima na kamba nyekundu, nimeifunga kwenye kila mti uliokufa wa kuangushwa. Iliyobaki ni ya kupogolewa. Kwa hiyo naona ndogo na ya kati zinatosha. Ile kubwa tuiache kwanza. Kupasua mbao kunaweza kusubiri, na kusema kweli hiyo kubwa ni nzito mno. Hiyo ya kati nayo, ukipata mbili zinazolingana nguvu, tuchagulie iliyo nyepesi.

Atakayeshika yupo. Si mvivu, halewi, na shamba analijua mti kwa mti. Kimo cha kati.

Fungu liko kwa Hussen kwenye bahasha ya khaki.

Mpwa wako,
Justa


Rasbura,
14 Machi 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Hapa salama. Mtaa umetulia, majirani wamefunga, na Dativa anapeleka uji kwa jirani kila jioni na kurudi na sambusa, kwa hiyo mwezi huu mtukufu unanenepesha hata sisi Wakatoliki. Hussen amepakia mizigo akiwa na swaumu bila kuguna. Msimpe maneno makali akichelewa.

Nimeshangaa kidogo kwamba Dismas anataka chenso nyepesi. Kijana aliyebeba mifuko ya saruji bandarini leo anaogopa uzito? Bodaboda imemlainisha. Basi, mwambie mjomba amesikia ombi lake.

Ndogo ni mpya. Ya kati imetumika, lakini moyo wake mzuri, nimeifungua yote na kuibadilishia ilichohitaji. Mwambie Dismas mambo machache, na uyasome kwa sauti asijifanye hajasikia. Petroli ichanganywe na oili yake kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, asikisie kwa jicho. Tawi nene akate kidogo kwa chini kwanza, kisha asogee mbele kidogo akate kwa juu. Likianguka halitachana gamba, na kile kipande kilichobaki atakimalizia taratibu karibu na shina. Asikate kitu kilicho juu ya mabega yake. Asitumie ncha ya baa. Ikigusa mti kwa ncha, mashine inaruka na kurudi usoni kwa mtu. Gogo likiwa chini, mnyororo usiguse mchanga. Mchanga wa Kinjumbi unakula meno ya chuma kuliko mpingo.

Humo kwenye boksi kuna vikombe viwili vyekundu vya kufunika masikio. Avivae kila mara anapowasha, iwe dakika moja, iwe siku nzima. Sitaki sababu. Nimesema avivae.

Mjomba wako,
Valerian


Kinjumbi,
7 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Heri ya Pasaka iliyopita. Tulisali, tukala, Dismas alikuja akala sehemu yake na ya jogoo aliyekufa.

Chenso zimefika salama na zimeanza kazi. Mjomba, ungekuwepo! Ile ndogo inaingia ndani ya mkorosho kama mtu anayejua njia ya chumbani. Tawi kavu linaanguka, jua linashuka mpaka chini, na nyasi zilizokuwa njano chini ya mti zimeanza kushtuka. Tumefanya kama ulivyoandika, chini kwanza kisha juu, na hakuna gamba hata moja lililochanika. Nimemwonyesha mama, akakaa kwenye gogo. Akasema hajauona mpaka wa mashariki wa lile shamba tangu Bibi alipokuwa hai.

Matatizo yapo. Hii ya kati imeanza kukata kwa kupinda. Unaanza sawa, ukifika katikati ya gogo imeshahamia upande, na mwishoni inabana. Mnyororo umenolewa kwa ile tupa uliyotuwekea kwenye boksi, kila jioni bila kuacha. Nimeuvua na kuukabidhi kwa Hussen uutazame.

Tatizo jingine ni vile vikombe. Vinabana, vinatoa jasho, na anayeshika anasema anataka kuusikia mti unapoanza kulia kabla ya kuanguka. Kwa hiyo mara nyingine vinakaa shingoni. Usikasirike.

Mjomba Alfani alipita juzi na yule mtu wa mkaa. Walisimama barabarani wakitazama, hawakuingia. Kikao kiko palepale, mwezi wa nane.

Mpwa wako,
Justa


Rasbura,
27 Aprili 2024

Justa,

Marahaba. Kwetu wazima.

Nimeutazama mnyororo. Umenolewa kwa bidii, hilo halina ubishi, lakini meno ya upande mmoja yamekuwa mafupi kuliko ya upande wa pili, ndiyo maana mashine inapinda. Karibu kila fundi mchanga ananoa hivyo. Mkono unakuwa na nguvu upande mmoja. Ila hapa upande uliolika siyo ule ambao huwa naukuta kwa wengine. Nimenoa minyororo ya watu tangu sijaoa. Tupa hii imeshikwa na mashoto.

Dismas si mashoto. Kwenye ukoo wetu wote mashoto ninayemjua ni mmoja, na Bibi yenu alikuwa akimchapa kiganjani kila akitia mkono huo kwenye ugali.

Nilikasirika. Nilikasirika tangu asubuhi, Dativa akaniuliza nimekasirikia nini hasa, mpwa kushika chenso au mpwa kunificha. Nikaenda kufungua kabureta ya mtu.

Sasa nisikilize wewe mwenyewe, usimsomee mtu mwingine. Chenso haijui mashoto. Mkono wa kulia ukae nyuma kwenye kifyatulio cha mafuta, wa kushoto mbele, dole gumba lizunguke mshikio. Ukishika kinyume, mashine ikiruka inakuja upande wako. Kwenye tupa uko huru, tumia mkono unaoutaka, lakini mapigo yawe sawa kila upande, hata kama upande mmoja unakuchosha.

Nimekutumia mnyororo mpya, suruali nene ya kazi, na buti zenye chuma mbele. Namba nimekisia kutokana na viatu nilivyokununulia siku ya kipaimara. Kama mguu umekua, vaa soksi moja badala ya mbili.

Na vikombe vya masikioni vitoke shingoni virudi mahali pake. Mti unaolia unauona kwa macho: ufa unafunguka na kilele kinacheza. Hilo la vikombe sitalirudia kwa upole.

Valerian


Kinjumbi,
16 Juni 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo, na nyingine ya akiba.

Barua yako na buti zimenifikia jana. Ulipoandika hukujua, nami sikujua, kwamba upepo ule ungekuja na mvua zake, barabara ikatike, na Hussen akwame na mizigo ya watu. Tulikaa muda mrefu hatuna basi wala unga wa dukani. Sisi wote wazima. Nyumba ya mama ilipoteza bati moja. Siku ile ya upepo nilikupigia simu mpaka chaji ikaisha. Ikaita tu. Niliogopa sana, mjomba. Nilidhani Rasbura imechukuliwa na maji. Ni Dismas aliyekuja kutuambia kwamba kuna mtu amekuona ukiwa juu ya paa lako ukipigilia misumari.

Sasa nikueleze, maana hakuna tena cha kuficha, si kwako wala kijijini. Upepo uliangusha mkorosho wa jirani yetu Mama Kidawa juu ya jiko lake. Alikuwa ndani na mjukuu wake. Hawakuumia, ila mlango ulizibwa, na paa lilikuwa linashuka kidogo kidogo. Wanaume walikuja na mapanga na kelele. Nikaenda nyumbani nikachukua ile ya kati. Nilipotokea nayo, mtu mmoja akasema, mpeni Dismas. Dismas, aliyekuwa amekwama kwetu kwa mvua, akasema, mimi siijui hiyo, mwenye nayo ni dada.

Nilizunguka lile shina kwanza. Lilikuwa limejipinda kati ya ukuta na kisiki, upande wa juu umebanwa, wa chini umevutika. Nilikata kidogo upande uliobanwa, nikahamia chini nikakata taratibu, nimesimama pembeni na siyo mbele. Lilipoachia liliruka kwa nguvu ya ajabu, likaangukia pale nilipotaka. Mama Kidawa alitoka na mjukuu mgongoni, akanishika mikono yote miwili akaitazama. Tangu siku hiyo naitwa fundi. Nimekata minazi iliyoziba njia ya zahanati, nimekata mwembe wa msikitini. Minazi imeninyima raha. Nyuzi zake zinamaliza meno haraka sana.

Kwa nini nilikuficha? Kwa sababu ungesema hapana, na neno lako likishasemwa kwetu halina mahali pa kukatiwa rufaa. Nilitaka uone kazi kabla hujaona mwenye kazi. Nisamehe kwa hilo, lakini nikianza upya nitafanya hivyo hivyo.

Buti zimenikaa kwa soksi moja. Nimelala nazo kitandani kama mtoto wa Krismasi. Mikorosho imechipua na tumeanza kupuliza salfa, ile dawa ya ukungu. Uje mwezi wa nane, mjomba. Usitume neno kwa mtu.

Justa


Kinjumbi,
1 Septemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua mlifika salama, Hussen ameniambia. Mama bado anasimulia jinsi Dativa alivyomfundisha kupika sambusa za jirani yenu. Maua ya mikorosho sasa yanaanza kugeuka kuwa vijikorosho, na asubuhi nyuki wamejaa shamba zima.

Ule wasiwasi niliokuwa nao kwenye kikao sitausahau. Mjomba Alfani alizungumza vizuri, hakuna wa kumnyima hilo. Alitaja madeni tuliyoachiwa na mvua, umri wa miti, watoto wa ukoo wanaohitaji ada, akataja mpaka mapenzi ya Bibi kwa wajukuu wote. Niliwaona watu wanamwelekea. Wewe ulikuwa umekaa mbele yake ukiitikia kwa kichwa, kila neno unaitikia, na moyo wangu ukashuka mpaka kwenye zile buti. Alipokaa, ukasimama, ukapangusa suruali, ukasema, "Shamba la mama yetu nimeliona. Limerudi. Mwenye kulirudisha ni Justa, na ndiye atakayelishika yeye na uzao wake. Mkaa ukachomwe kwingine." Ukakaa. Mpaka leo watu wanasema Valerian ni chuma, alibembelezwa kwa maneno yote yale na hakutikisika hata ukope.

Asante, mjomba. Nimelia kwa hilo na sioni aibu.

Lakini nina macho. Baada ya kikao uliposema nikuonyeshe, nikakata ule mti mkavu wa mpakani, na wewe ukawa umesogea upande unakoangukia. Nilikuita. Nilizima mashine nikakuita kwa sauti yangu yote, mpaka Mama Kidawa alitoka nyumbani kwake. Ulikuwa unayatazama maua. Dismas ndiye aliyekurukia akakuvuta shati, na wewe ukasema ulikuwa unaupima mti. Halafu nilipokata magogo, uliinama ukaweka kiganja kwenye gogo, ukafumba macho, ukasema kabureta iko sawa.

Kwa hiyo nina swali moja, nawe unijibu kwa maandishi, usinijibu kwa kicheko. Katika yote aliyosema Mjomba Alfani, ni lipi lililokugusa?

Mpwa wako,
Justa


Rasbura,
22 Septemba 2024

Mpwa wangu Justa,

Marahaba. Dativa ameisoma barua yako kabla yangu. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, kisha akaniletea na kuniambia, "Mjibu mtoto." Basi nakujibu.

Sijui Alfani alisema nini. Sikusikia hata neno moja. Niliona mdomo wake unakwenda, nikaitikia kwa heshima, na nilipoona amekaa nikajua ni zamu yangu. Neno langu nilikuja nalo kutoka shambani, maana nilipita kule asubuhi kabla hamjaamka. Kama katika hotuba yake kulikuwa na jambo la maana, mwombe radhi kwa niaba yangu, lakini usimwambie sababu. Acha niendelee kuwa chuma.

Simu zako zote niliziona zikiwaka. Sikuwa kazini. Ile ya siku ya upepo niliishika mkononi nikaitazama mpaka ikazima, kwa sababu ningepokea ungelia upande ule na mimi nisingejua unalia au unacheka. Hilo limeniuma kuliko yote.

Tulipokuwa tukipasua mbao msituni, mimi na wenzangu, hatukuwa na vikombe. Tulitia pamba, na pamba nayo tukaona inatuchelewesha. Watu wanadhani kiziwi anakaa kwenye kimya. Kimya sina, Justa. Nina chenso kichwani, inanguruma tangu ninapofumbua macho. Padri anafungua mdomo, mimi nasikia chenso. Dativa ananiita chakula, nasikia chenso, mpaka asimame mbele yangu nisome mdomo wake, mdomo pekee ninaoujua. Haina swichi, wala hakuna fundi wa kuifungua. Ndiyo maana nilikuandikia kwa ukali juu ya vile vikombe na sikukupa sababu. Sababu ndiyo hiyo.

Hussen anakuletea boksi refu. Ni ile kubwa, ya kupasua mbao. Sikuinunua, ni yangu mwenyewe, niliitumia maisha yangu yote ya msituni na sijawahi kumwazima mtu hata siku moja, Alfani ni shahidi. Minazi yote iliyoanguka pwani ina mbao ndani yake; Mama Kidawa apate paa la jiko kwanza. Usiibebe peke yako. Mtafute mtu wa upande wa pili, na Dismas aache njaa ashike kazi. Nimeweka minyororo miwili, mmoja wa minazi tu, usiuchanganye na mwingine. Sasa una zote tatu.

Tofauti ya hizo zako na yangu ni moja. Zako zina swichi. Jioni ukimaliza kazi, izime, vua vikombe, kaa kidogo hapo chini ya mikorosho ya mama. Kisha uniandikie unasikia nini.

Mjomba wako,
Valerian